Digrii, gradi, radiani: namna ya kupima na kugeuza pembe bila kupotea

"Yaya, mashine yangu ya hesabu imekufa. Naandika sin 30, inanipa −0,988." Mashine haijafa.

"Mwalimu anasema pembe mraba ni 90, lakini chombo cha wapimaji wa viwanja kinaonyesha 100." Chombo ni kizima, na mwalimu yuko sawa.

"Kwenye zoezi wameandika pembe ya 2, bila alama yoyote. Mbili ya nini?" Ya radiani.

Maswali haya yanazunguka Lubumbashi nzima, kuanzia Katuba hadi Kampemba, kila masomo yanapoanza na tena Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inapokaribia. Nimechoka kuyajibu kimoja kimoja kwenye simu, kwa hiyo mwongozo wote huu hapa. Fuata hatua kwa mpangilio, hasa ile ya uzi na kifuniko cha sufuria, ambayo wengi huiruka kwa kuona ni mchezo wa watoto.

Jambo la kushika ni moja: pembe ni sehemu ya mzunguko. Pembe yenyewe haibadiliki. Kinachobadilika ni vipande ulivyougawa mzunguko. Mtu akikutajia bei ya "kumi" pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, huanzi kutoa pesa. Kwanza unauliza, faranga au dola? Ukikutana na pembe ya 30, uliza vivyo hivyo kabla hujagusa kitufe chochote.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mashine ya hesabu yenye vitufe vya sin, cos na tan. Ya kwenye simu inafaa pia. Kwenye simu nyingi ukiilaza simu ubavu, vitufe hivyo hutokea.
- Kipimapembe (raportere), rula na penseli.
- Kifuniko cha sufuria chenye upana wa sentimita 20 au zaidi. Kikubwa ni bora.
- Uzi usiovutika. Uzi wa mwashi unafaa sana. Lastiki na uzi wa sufi viache.
- Makasi na karatasi kubwa moja. Kalenda ya mwaka jana inatosha.
- Kujua kuzidisha na kugawanya. Basi.

Desimali nitaziandika kwa koma, kama tulivyofundishwa shuleni. Kwenye mashine utabonyeza nukta.

Hatua ya 1. Andika namba tatu kwenye jalada la daftari

Namba zenyewe ni 360, 400 na 2π. Kila moja ni mzunguko mmoja mzima, kwa kipimo chake:

- Mzunguko mzima: digrii 360, gradi 400, radiani 2π (yaani 6,2832)
- Nusu mzunguko: digrii 180, gradi 200, radiani π (3,1416)
- Robo mzunguko, yaani pembe mraba: digrii 90, gradi 100, radiani π/2 (1,5708)
- Sehemu ya nane: digrii 45, gradi 50, radiani π/4 (0,7854)
- Sehemu ya kumi na mbili: digrii 30, gradi 33,33, radiani π/6 (0,5236)

Digrii ni za kale. Wababeli walihesabu kwa makundi ya sitini, na 360 yetu imetokana na desturi hiyo. Gradi, ambazo wengine huziita goni, zilizaliwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18 pamoja na mita, wakati watu walipotaka kila kipimo kiende kwa kumi na kwa mia. Radiani ndiyo changa kwa jina: lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1873 huko Belfast, katika maswali ya mtihani aliyoyatunga James Thomson. Kwa hiyo ukiiona kwenye mtihani usiilalamikie, ilizaliwa humohumo.

Vipimo vingine vipo. Wanajeshi wa mizinga wana mili, 6400 kwa mzunguko katika majeshi ya NATO. Hizo sitazigusa, huzihitaji darasani wala kiwanjani.

Hatua ya 2. Tengeneza radiani moja kwa mikono yako

Digrii na gradi kila mtu anazielewa, maana ni kukata mzunguko vipande sawa. Radiani ndiyo inayowasumbua watu miaka mingi kwa sababu wameikuta kama kanuni ya kukariri. Ukiitengeneza mara moja, hutaisahau.

1. Weka kifuniko juu ya karatasi, pitisha penseli ukingoni, kisha kata duara kwa makasi.
2. Likunje duara mara mbili ili upate robo, halafu likunjue. Mikunjo inapokutana ndipo kitovu. Usikisie kitovu kwa kutazama kishikio cha kifuniko, maana mara nyingi hakiko katikati kabisa.
3. Nyoosha uzi kutoka kitovu hadi ukingo, ukate palepale. Sasa urefu wa uzi ni sawa na nusukipenyo.
4. Ulaze uzi huo juu ya ukingo wa duara, ukiufuata mviringo wote kwa kidole. Tia alama unapoanza na unapoishia.
5. Chora mistari miwili kutoka kitovu hadi kwenye alama hizo. Pembe iliyo kati yake ni radiani moja.

Ipime kwa kipimapembe. Utapata digrii 57 na kidogo. Kwa hesabu kamili ni 57,2958, yaani digrii 57, dakika 17 na sekunde 45.

Kosa la kawaida: ukipata 60 kamili, uliuvuta uzi ukanyooka kutoka alama hadi alama badala ya kuukunja juu ya ukingo. Hapo umechora pembetatu yenye pande tatu sawa, na pembe yake lazima iwe 60. Rudia, safari hii ukibandika uzi kwa gundi kidogo au mate.

Usiishie hapo. Endelea kuulaza uzi uleule, mara ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Ya sita ikiisha, duara halijafunga: kuna nafasi imebaki. Kwa kifuniko cha upana wa sentimita 24, nafasi hiyo ni kama sentimita 3,4. Ipime kwa rula, iko palepale. Nyuzi sita na kipande kidogo, ndiyo ile 6,2832. Watu husema 2π kama wanasoma sala. Wewe umeishika mkononi.

Hapo pia utaona kwa nini radiani huandikwa mara nyingi bila alama. Umegawanya urefu kwa urefu, sentimita kwa sentimita, ikabaki namba tupu.

Hatua ya 3. Soma karatasi inatumia kipimo gani

Kabla ya mashine, macho. Tafuta alama:

- Kiduara kidogo juu ya namba (30°): digrii. Kitabu kikitoka Tanzania utakuta "nyuzi 30", ni zilezile.
- Herufi g ndogo juu ya namba, au "gr", au "gon": gradi.
- "rad", au hakuna kitu kabisa: radiani.

Mstari huo wa mwisho ndio unaoangusha wengi. sin 2 ni sini ya radiani 2, si ya digrii 2. Ukiona π ndani ya pembe, kwa mfano π/3, karibu kila mara ni radiani. Lakini π yenyewe si kipimo cha pembe, ni namba tu, 3,1416 na mkia wake. Pembe ya digrii π ipo: ni pembe nyembamba ya digrii tatu na kidogo. Usiseme "π ni 180". Sema "radiani π ni digrii 180".

Karatasi ya mazoezi iliyochapwa haraka mara nyingine husahau kiduara. Ukiona pembetatu yenye pembe za 40, 60 na 80 bila alama, jumlisha: zimefika 180, basi ni digrii. Zikifika 200, ni gradi. Zikifika 3,14, ni radiani. Zisipofika popote, muulize mwalimu.

Hatua ya 4. Ipime mashine kabla ya kuitumia

Andika sin 30, bonyeza =. Tazama jibu:

- 0,5: mashine iko katika digrii (DEG, au D ndogo juu ya kioo)
- −0,988: iko katika radiani (RAD au R)
- 0,454: iko katika gradi (GRA au G)

Mimi huifanya hata kwa mashine yangu mwenyewe, sembuse ya kuazima. Huchukua muda mfupi kuliko kuitafuta ile herufi ndogo kwenye kioo kilichochubuka.

Kubadilisha, kwa Casio ambazo wanafunzi wengi wanazo: aina ya fx-82MS, bonyeza MODE mara mbili, halafu 1 kwa Deg, 2 kwa Rad, 3 kwa Gra. Aina ya ES, kama fx-991ES, bonyeza SHIFT kisha MODE, halafu 3 kwa Deg, 4 kwa Rad, 5 kwa Gra. Kwenye simu kuna kitufe kimoja cha Deg/Rad. Angalia vizuri, maana baadhi ya simu huandika kwenye kitufe hali utakayokwenda ukibonyeza, si ile uliyomo. Jaribio la sin 30 halina utata huo.

Onyo la kwanza: kuzima mashine hakurudishi digrii. Ikiachwa katika radiani jioni, kesho asubuhi itawaka katika radiani. Ukiingia chumba cha mtihani na mashine uliyomwazima jirani jana, sin 30 iwe kitu cha kwanza unachoandika.

Onyo la pili: kubadilisha hali hakugeuzi namba iliyo kwenye kioo. Ukiwa na 45 ukahamia RAD, bado ni 45, ila sasa mashine inaisoma kama radiani 45, yaani mizunguko saba na zaidi.

Casio hizo zina njia ya mkato. Ukiwa katika DEG, andika 100, bonyeza SHIFT na Ans (juu yake pameandikwa DRG na mshale), chagua 3 kwa g, halafu =. Utapata 90: umeiambia mashine "hii mia ni gradi", nayo ikageuza.

Hatua ya 5. Geuza kwa kupitia mzunguko

Vitabu vinakupa kanuni sita, mbili kwa kila jozi, na kila mwaka wanafunzi wanazigeuza juu chini. Tumia moja tu:

*Gawanya kwa mzunguko wa kipimo ulichonacho, zidisha kwa mzunguko wa kipimo unachotaka.*

Mfano wa kwanza: digrii 72. Gawanya kwa 360, unapata 0,2; ni moja ya tano ya mzunguko. Kwa gradi: 0,2 × 400 = 80. Kwa radiani: 0,2 × 2π = 0,4π, yaani 1,2566.

Mfano wa pili: gradi 250. Gawanya kwa 400, unapata 0,625. Kwa digrii: 0,625 × 360 = 225. Kwa radiani: 1,25π, yaani 3,927.

Mfano wa tatu: radiani 2,5. Gawanya kwa 6,2832, unapata 0,3979. Kwa digrii ni 143,24, kwa gradi 159,15.

Faida ya njia hii ni kwamba namba ya katikati inakuambia kitu. 0,3979 ni pungufu kidogo ya nusu mzunguko, kwa hiyo pembe ni butu. Jibu la mwisho likikuonyesha pembe kali, umeshajua kuna kosa kabla mwalimu hajaliona.

Kagua kila jibu kwa mambo mawili. Namba ya gradi daima ni kubwa kidogo kuliko ya digrii. Na radiani ni namba ndogo: pembe isiyozidi mzunguko mmoja haivuki 6,29. Ukigeuza digrii 45 ukapata radiani 2578, umezidisha palipotakiwa kugawanya.

Hatua ya 6. Dakika na sekunde za pembe

Digrii moja ina dakika 60, dakika moja ina sekunde 60. Utazikuta kwenye ramani na kwenye hati za viwanja. Lubumbashi iko karibu digrii 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, huandikwa 11°40′.

Kwenda kwenye desimali: 40 ÷ 60 = 0,667, kwa hiyo 11,667.

Kosa kubwa kuliko yote katika hatua hii ni kuandika 11,40. Tofauti inaonekana ndogo kwenye daftari, lakini ardhini ni karibu kilomita 30. Umeuhamisha mji mzima.

Kurudi nyuma: Lubumbashi iko karibu digrii 27,48 mashariki. Acha 27. Chukua 0,48 × 60 = 28,8; hizo ni dakika 28. Chukua 0,8 × 60 = 48; hizo ni sekunde. Jibu 27°28′48″. Mashine yenye kitufe cha °′″ itakufanyia yote mawili, lakini kwanza fanya kwa mkono.

Dakika hizi si za saa, ingawa zina undugu. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, au digrii moja kwa dakika nne za saa. Saa zetu za Lubumbashi zinafuata mstari wa digrii 30 mashariki, nasi tuko digrii 2,52 magharibi yake. Zidisha kwa nne: kama dakika kumi. Ndiyo maana kwa wastani jua letu hufika katikati ya mbingu yapata dakika kumi baada ya saa sita mchana. Simika fimbo uwanjani, utaona.

Gradi hazina taabu hii. Hazina sitini, ni mia na desimali tu. 11,667° ni gradi 12,963, imekwisha.

Hatua ya 7. Jaribu vipimo vyote kwenye swali moja

Swali: kutoka Lubumbashi hadi ikweta, ukienda moja kwa moja kaskazini, ni kilomita ngapi?

Kwa radiani. Kanuni ni nusukipenyo mara pembe, kama ulivyoona kwa uzi: pembe ya radiani moja ina tao lenye urefu wa nusukipenyo kimoja. Digrii 11,667 ni radiani 0,20362. Nusukipenyo cha Dunia ni wastani wa km 6371. Zidisha: km 1297.

Kwa gradi. Wafaransa walipoitunga mita, walitaka robo ya mzingo wa Dunia, kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, iwe mita milioni kumi, yaani km 10 000. Robo ya mzunguko ni gradi 100. Basi gradi moja ardhini ni km 100. Tuna gradi 12,963, kwa hiyo km 1296. Hakuna π, hakuna 6371, unasogeza koma tu. Mimi naona hii ni mali nzuri ambayo shule inaipita haraka mno.

Kwa dakika. Maili ya baharini ni mita 1852, nayo ilitokana na dakika moja ya pembe juu ya mzingo wa Dunia. 11°40′ ni dakika 700 kamili. 700 × 1,852 = km 1296.

Zinatofautiana kwa kilomita moja kwa sababu Dunia si tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, na kila njia ina wastani wake. Kwa darasani yote ni sawa. Mpimaji mwenye GPS atapata pungufu kidogo.

Kosa la kawaida: kuweka digrii kwenye kanuni ya tao. 11,667 × 6371 inatoa zaidi ya km 74 000, wakati kuizunguka Dunia nzima ni kama km 40 000. Kanuni ya tao inakubali radiani peke yake.

Hatua ya 8. Kiwanjani na kwenye paa

Wapimaji waliofundishwa kwa desturi ya Ufaransa na Ubelgiji husoma gradi, na wengi wetu huku tumerithi hiyo. Ukienda kujifunza kazi kwenye migodi au kwa wapimaji wa viwanja, yajue haya.

Kiwanja cha pembe nne, jumla ya pembe za ndani ni gradi 400. Mfano: 98,40 + 101,25 + 99,90 + 100,45 = 400,00. Imefunga. Usipopata 400, au pungufu na zaidi ya hapo kidogo tu kwa ajili ya chombo, rudi ukapime kabla jirani hajaja na panga kuulizia mpaka wake. Kiwanja cha pembe tano ni gradi 600. Kila pembe inayoongezeka huongeza 200.

Kugeuza mwelekeo, yaani kutazama ulikotoka, jumlisha au toa 200. Vijana waliozoea digrii huongeza 180 kwenye usomaji wa gradi, na mstari wote unapinda.

Kwenye paa ni jambo jingine. Fundi akikuambia mteremko wa asilimia 20, hiyo si pembe. Ni kupanda sentimita 20 kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Kupata pembe tumia tan⁻¹ ya 0,2: digrii 11,3, au gradi 12,6. Na asilimia 100 ni digrii 45, si 90; umepanda mita kwa kila mita. Bati likifika huko, atakayepanda kulipigilia misumari aanze kwa kuandika wosia.

Hatua ya 9. Kwenye kompyuta

Hapa kwa ufupi: kompyuta husoma radiani. Kwenye Excel, =SIN(30) itakupa −0,988. Andika =SIN(RADIANS(30)). Kurudi kwenye digrii, Excel ya Kifaransa inatumia DEGRES. Python na JavaScript ni vilevile, sini zao ni za radiani, hata kama hakuna mahali wameandika R.

Jibu likikataa

*Sini ya pembe kali imetoka hasi.* Mashine iko katika radiani. Rudi hatua ya 4.

*Jibu linafanana na la kweli lakini halilingani na la wenzako.* Shuku gradi kwanza. Radiani hukosea kwa kishindo, unashtuka. Gradi hukosea kimyakimya: 0,454 badala ya 0,5, 0,988 badala ya 1. Mtu anaweza kumaliza mtihani mzima hivyo bila kuona.

*sin⁻¹ ya 0,5 haitoi 30.* Ikitoa 33,33 ni gradi. Ikitoa 0,5236 ni radiani. Pembe yenyewe ni ileile, unaweza hata kuiacha na kugeuza kwa hatua ya 5.

*tan 90 inaandika kosa.* Katika digrii hilo ndilo jibu, tanjenti ya pembe mraba haipo. Ukipata −1,995 uko katika radiani, ukipata 6,314 uko katika gradi.

*sin ya π haitoi sifuri.* Uliandika 3,14. Mashine imekujibu 0,0016, nayo ina haki. Tumia kitufe cha π.

*Kipimapembe kinaishia 200 badala ya 180.* Umenunua cha gradi. Kizidishe kila usomaji kwa 0,9 upate digrii, au kibadilishane na mtu anayesomea upimaji.

*Pembe imetoka zaidi ya mzunguko mmoja, kwa mfano digrii 765.* Toa 360 mara nyingi iwezekanavyo: 765 − 720 = 45. Kwa gradi unatoa 400, kwa radiani 2π. Ila kama swali linahusu gurudumu au mota iliyozunguka, usitoe kitu. Wanataka mizunguko yote.

*Kipimapembe kinasoma 120 na wewe unaona wazi pembe ni kali.* Kina mistari miwili ya namba, wa ndani na wa nje. Anza kuhesabu kwenye ule wenye sifuri juu ya mstari wako, utasoma 60.